Mshiko wa kikaango

Wadau, kimya changu kilikuwa kirefu, mnisamehe. Nilikuwa nyumbani Musoma. Nimerudi Dar na dagaa wakavu, kiwiko kinachouma, na kisa kimoja ambacho nimeshindwa kukaa nacho peke yangu.

Kisa chenyewe kinahusu tenisi. Najua, wengine mmeshanuna: "Tenisi? Si mchezo wa wakubwa wa Masaki huo?" Subirini kidogo. Kinahusu pia waya wa uzio, ukoloni, bao, na mzee mmoja wa miaka 80 na ushee ninayempenda sana. Na nikisema "mshiko" humu ndani, tuelewane mapema: si ule wa mwisho wa mwezi. Ni namna mkono unavyokamata raketi.

Mimi ni mchezaji wa Jumamosi. Tunakodi uwanja kwa saa, mimi na washkaji watatu wa chumba cha habari, tunakimbizana mpaka jua linapokuwa kali, kisha tunakwenda kunywa supu. Sichezi vizuri. Lakini miaka yote nilijifariji kwamba nacheza kwa asili, si kwa kufundishwa na mtu wa kulipwa. Aliyenifundisha ni baba mkubwa wangu, pale Musoma, kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka nyuma ya ghala fulani. Mpinzani wetu alikuwa ukuta wa ghala. Raketi zilikuwa mbili, za mbao, moja ikiwa na nyuzi za kamba ya kuvulia samaki.

Mwaka huu kiwiko kikaanza kuniuma, nikaamua kumlipa mwalimu kwa saa moja tu. Akaniambia nianzishe mpira. Nikaanzisha. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaja mpaka nilipo, akautazama mkono wangu, akacheka: "Nani alikufundisha kushika kikaango?"

Nikakaa kimya. Ningesemaje? Ningemtaja mzee?

Kosa lenyewe ni lipi

Kwa wasiocheza, nieleze. Shika kikaango kama unataka kupindua yai: bapa lake linatazama juu. Sasa inua mkono, bapa litazame mbele. Ndivyo wengi wetu tunavyoanzisha mpira. Inaonekana ni akili ya kawaida, kwa sababu nyuzi zinatazama kule unakotaka mpira uende. Nendeni uwanja wowote wa watu wa Jumamosi, iwe Dar, Nairobi au London, mtaiona.

Tatizo ni kwamba ukishika hivyo, kigasha chako (ile sehemu kati ya kiwiko na kiganja) hakina nafasi ya kuzunguka. Unabaki unausukuma mpira kwa mkono mtupu. Mwili mzima umepumzika, kiwiko kinafanya kazi ya miguu, kiuno na bega. Mpira hauna mzunguko, kwa hiyo ukiupiga kwa nguvu unatoka nje, na ukitaka uingie inabidi uubembeleze. Ndiyo maana mchezaji wa Jumamosi ana mipira miwili ya kuanzisha: wa kwanza ni radi inayokwenda kwenye uzio, wa pili ni pole ya msiba.

Wanaojua wanashika kana kwamba raketi ni shoka: ukingo wa fremu ndio unaotangulia. Mkono unapanda na ukingo, halafu sekunde ya mwisho kigasha kinageuka na nyuzi zinaukuta mpira. Kasi inatoka kwenye kule kugeuka.

Sasa, mimi ni mwandishi wa habari. Mtu akiniambia nimekosea, swali langu la pili huwa: kosa hili lilianza lini, na nani alilileta mpaka Musoma? Nikaanza kusoma. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kuwa jibu haliko kwenye kiwiko changu.

Kuanzisha kulikuwa kuanzisha tu

Tenisi ya kiwanja cha nyasi ilipewa hataza mwaka 1874 na mwanajeshi wa Kiingereza, Meja Walter Clopton Wingfield. Ulikuwa mchezo wa bustanini, wa kunywea chai. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanyika mwaka 1877, na bingwa alikuwa Spencer Gore. Siku hizo wavu uliinuka pembeni kama pazia: nguzo zilikuwa na futi 5, karibu mita moja na nusu. Watu walianzisha mpira kwa mkono wa chini au usawa wa bega. Kupiga kutoka juu ya kichwa hakukuwa desturi.

Hapa Kiswahili chetu kimenifurahisha. Sisi tunasema "kuanzisha". Na kweli, mwanzoni kuanzisha kulikuwa kuanzisha tu, kama kusema "haya, tuanze". Hakukuwa silaha.

Kilichobadilisha mambo ni wavu. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1880, nguzo zilishushwa mpaka futi 3 na nusu, yaani mita 1.07, na katikati futi 3, sentimita 91. Vipimo hivyo ndivyo tunavyotumia mpaka leo. Wavu ukiwa chini, kupiga kutoka juu kukaanza kulipa.

Lakini kanuni moja iliendelea kuwabana: mwanzishaji hakuruhusiwa kuinua miguu yote miwili kabla ya kuupiga mpira. Kanuni hiyo ililegezwa karibu mwaka 1960. Kule kuruka mnakokuona kwenye televisheni ni jambo la juzi tu.

Tufanye hesabu ya pembetatu, ile ya kidato cha pili. Kutoka mstari wa nyuma mpaka wavuni ni mita 11.89. Boksi unalotakiwa kuuingiza mpira linaishia mita 6.40 ng'ambo ya wavu. Tuchukue katikati ya uwanja, ambako wavu ni mfupi kuliko kwingine. Ili mpira uende kwa mstari ulionyooka kabisa, upite juu ya wavu na kuugusa mstari wa mwisho wa boksi, lazima upigwe kutoka urefu wa takriban mita 2.6. Mtu akijinyoosha na raketi, huupiga mpira kwenye urefu wa kama mara moja na nusu ya kimo chake. Mimi nina mita 1.65. Nikijinyoosha mpaka mbavu zilie, napata mita 2.5 kasoro kidogo.

Mnaona? Mimi, na wengi wenu, hatuna haki ya kupiga mpira kuelekea chini. Dunia itauvuta yenyewe. Kazi yetu ni kuupiga kuelekea juu na kuuzungusha ili ushuke upesi. Lakini macho yanatudanganya: tunaona boksi liko chini kule mbele, mkono unakwenda chini, mpira unakwenda wavuni. Na mshiko wa kikaango ni rafiki mkubwa wa uongo huo.

Mshiko ni jiografia

Kitu cha pili nilichojifunza ni kwamba hakuna mshiko mmoja mtakatifu. Kila mshiko una kijiji chake.

Upo unaoitwa wa Kontinenti, yaani wa Bara la Ulaya. Huo ndio wa shoka, na kwa kuanzisha mpira wanaojua wote huutumia huo au jamaa yake wa karibu. Upo wa Mashariki: si mashariki ya kwetu, ni mashariki ya Marekani, kwenye nyasi, ambako mpira unadunda usawa wa kiuno. Na upo wa Magharibi, uliotoka California, ambako viwanja vilikuwa vya saruji na mpira ulipanda mpaka begani, kwa hiyo watu wakageuza kiganja kikae chini ya mpini. Ni kutoka kwenye saruji hiyo ya California alikotoka Maurice McLoughlin, bingwa wa Marekani mwaka 1912 na 1913, aliyewashangaza watu kwa nguvu ya kuanzisha kwake.

Halafu vikaja vifaa. Raketi ya mbao ilikuwa na kichwa kidogo, kama sentimita za mraba 450 hivi. Ukijaribu kuusugua mpira kutoka chini kwenda juu, nusu ya siku unaupiga kwa fremu. Mwaka 1976 Howard Head akaingiza sokoni raketi yenye kichwa kikubwa kwa zaidi ya mara moja na nusu. Miaka ya mwisho ya 1980 mbao ikatoweka kwenye mashindano makubwa. Mwaka 1997 Gustavo Kuerten wa Brazil akachukua ubingwa wa Ufaransa akiwa na nyuzi za poliesta, na mipira ikaanza kuzunguka kuliko zamani. Ile forihendi ya leo, ya mkono unaopita juu ya bega kama mtu anayejifuta jasho, ni mtoto wa raketi kubwa na nyuzi hizo. Usiilazimishe kwa raketi ya babu yako.

Sasa turudi kwetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Musoma iko palepale ufukweni. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 10, kwa hiyo mpira unasafiri mbali zaidi kwa nguvu ileile. Shirikisho la kimataifa la tenisi limeweka mpira maalumu kwa viwanja vilivyo zaidi ya mita 1,219. Musoma haijafika hapo, lakini iko mlangoni. Ongeza sakafu ya saruji inayodundisha mpira mpaka kidevuni. Ongeza upepo wa ziwa unaoanza kuvuma mchana.

Baba mkubwa alizoea kusema: "Mipira ya Musoma ina wazimu. Kule pwani ilikuwa inatulia." Sisi watoto tulicheka. Kumbe mzee alikuwa anasema kweli, na fizikia iko upande wake. Alijifunza kwenye usawa wa bahari, kwa mpira uliopigwa bapa bila mzunguko, akaja kucheza mita elfu moja na zaidi juu.

Lakini alijifunzaje? Hapo ndipo nilipolazimika kupanda basi.

Upande ule wa waya

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Dar hawali?"

Tulikaa barazani siku mbili kabla sijathubutu kuuliza. Mwishoni nikamuuliza bila kutaja kikaango: raketi ulijifunza wapi?

Akanisimulia. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa mvulana, alimfuata kaka yake aliyekuwa kibarua pwani. Akapata kazi ya kuokota mipira kwenye klabu moja ya Wazungu. Jina la klabu nitaliacha. Mnaijua miji yetu ya enzi hizo ilivyogawanywa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Michezo nayo ikagawanywa hivyohivyo. Mwafrika aliingia klabu akiwa na sinia, na ufagio, au akiwa na miguu ya haraka ya kuokota mipira.

"Wakati wa mchezo tulikaa ndani, pembeni," aliniambia. "Mchezo ukiisha, tunatoka nje ya waya. Wakati wa mazoezi, pale ambapo mwalimu anawafundisha, sisi tupo nje. Tunachungulia."

"Mlikuwa mnaona nini?"

Akainua mkono wake, ule mkono mwembamba wenye mishipa, akauzungusha nyuma, akaushusha kwa mbele. Ilikuwa nzuri. Bega liligeuka, goti likakunjwa, jicho likabaki juu. Miaka zaidi ya 60 na bado umbo lilikuwepo.

Ndipo nikaelewa. Kutoka nje ya waya unaona umbo. Unaona mwili ukigeuka na raketi ikipanda. Huwezi kuona vidole vimekaa upande gani wa mpini. Jambo hilo mwalimu husema kwa sauti ya chini akiwa amekushika mkono, naye alikuwa ameshika mikono mingine. Usiku watoto wale walichukua ubao na mpira uliochakaa, wakaigiza walichokiona, na mkono ukashika kama akili ya kawaida inavyoshika: kikaango.

Nikamwambia kwamba mwaka 1957, wakati yeye anaokota mipira, mwanamke mweusi Mmarekani, Althea Gibson, alitwaa ubingwa wa Wimbledon na Malkia Elizabeth wa Pili ndiye aliyemkabidhi zawadi yake. Akanitazama sana.

"Mwaka huohuo?"

"Huohuo, baba mkubwa."

"Hawakutuambia," akasema. Basi. Akaomba chai.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Mwaka 1970, Arthur Ashe, bingwa wa Marekani wa mwaka 1968, alikuja Afrika Mashariki pamoja na Stan Smith kwa ziara ya urafiki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi walizofika. Ashe mwenyewe alikulia Richmond, Virginia, ambako viwanja vya jiji vilikuwa vya Wazungu na vyao vilikuwa vyao. Mwaka uliofuata, kule Yaoundé, Cameroon, alicheza na mvulana mdogo aitwaye Yannick Noah, akavutiwa naye, akafanya mpango mtoto apelekwe Ufaransa kufundishwa. Mwaka 1983 Noah akawa bingwa wa Ufaransa. Jirani zetu Kenya walimtoa Paul Wekesa, na mwaka 2022 Angella Okutoyi, msichana aliyelelewa na bibi yake Nairobi, akashinda Wimbledon ya vijana ya wasichana wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi.

Si kwamba hao walikuwa na damu tofauti na ya baba mkubwa wangu. Kuna mahali mtu mmoja aliwashika mkono na kuwaonyesha vidole vinakaa wapi.

Bao halina uzio

Siku ya tatu mzee akataka kwenda Bunda kuwaona wajukuu, tupitie Butiama kwanza kumpa pole rafiki yake aliyefiwa. Tukapanda haisi mpaka Makutano, tukageuza kuelekea Butiama.

Baada ya pole, tukakuta wazee wanacheza bao chini ya mti. Nimekwishawapeleka wageni wengi Mwitongo, kwenye kaburi la Mwalimu na kwenye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, lakini sijawahi kukaa chini nikatazama bao kwa saa nzima. Safari hii nilikaa, kwa sababu baba mkubwa alikaa.

Kulikuwa na kijana wa miaka kama 12 amechuchumaa begani kwa mzee mmoja. Anatazama. Mzee akikosea, kijana anaguna. Hakuna aliyemfukuza. Mara moja mzee alimgeukia: "Wewe ungefanyaje?" Kijana akaonyesha shimo. Mzee akatikisa kichwa, akamweleza kwa nini ni kosa, akaendelea kucheza.

Sisi wa Mara tunasimuliwa tangu utotoni kwamba Kambarage mdogo alikuwa hodari wa mchezo huu, na kwamba Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, baada ya kucheza naye, ndiye aliyemshauri Mtemi Burito ampeleke mtoto huyo shule. Mwaka 1934 akaingia Mwisenge, Musoma. Yaliyofuata mnayajua. Nimeisikia simulizi hiyo mara mia, na siku zote niliichukua kama habari ya akili ya Mwalimu. Siku ile niliisikia kwa namna nyingine: ni habari ya mchezo usio na waya. Mtoto alikaa karibu, akaona kete zote na vidole vyote, akaruhusiwa kucheza na mkubwa, na mkubwa akaona kipaji chake.

"Bao unaliona lote," baba mkubwa alisema tulipokuwa tunarudi barabarani. Sijui kama alikuwa ananisoma mawazo. Wazee wetu wana tabia hiyo.

Sakafu ya Bunda

Bunda, karibu na kwa ndugu zetu, kuna sakafu ya saruji wanayochezea voliboli. Tukashusha wavu mpaka usawa wa kiuno. Nilikuwa na raketi tatu na mipira mikuukuu kumi na mbili. Watoto walikuwa tisa. Mzee akakaa kwenye kiti chini ya kivuli.

Mimi si mwalimu, lakini nilifanya yale niliyofanyiwa kwa ile saa moja niliyoilipia, pamoja na niliyosoma. Nawaandikia hapa kwa faida ya mchezaji yeyote wa Jumamosi.

Kwanza tuliziweka raketi pembeni. Nikawaambia warushe mipira ipite juu ya paa la nyumba. Watoto wa Mara wamechunga ng'ombe na kutungua maembe. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Mkono ulikwenda nyuma, kiwiko kikatangulia, kigasha kikageuka mwishoni. Nikawaambia: kuanzisha mpira ni huko huko kurusha, kwenda juu.

Pili, mshiko. Raketi ilaze kwa ukingo kama shoka, ikamate, nyuzi zitazame pembeni. Mwanzoni mpira utakwenda kushoto au kulia, utaona aibu. Vumilia. Siku chache zinatosha kigasha kuelewa.

Tatu, kuutupa mpira juu. Usiutupe, uweke angani, kama unaweka yai kwenye rafu, mbele yako kidogo upande wa mkono wa raketi. Ukikaa vibaya, uache uanguke, anza tena. Kanuni inaruhusu.

Nne, anzia karibu. Simama kwenye mstari wa boksi, si mstari wa nyuma. Ukiingiza mitano mfululizo, rudi hatua mbili.

Tano, mpira wa pili upigwe kwa kasi ileile ya mkono, ila usugue zaidi kuelekea juu. Ukipunguza mkono, unapunguza na mzunguko, na mpira hauna sababu ya kushuka.

Sita, kwa mipira ya kawaida: geuza mabega mapema, kabla mpira haujavuka wavu. Ukute mpira mbele ya mwili, raketi ikitoka chini kwenda juu. Na mpinzani anapopiga, ruka kidogo papo hapo ili miguu iwe macho. Ukiona akili imejaa maagizo, tumia dawa ya Mmarekani Timothy Gallwey, aliyeandika kitabu chake mwaka 1974: sema neno moja mpira unapodunda na jingine unapoupiga. Sisi tulisema "dunda" na "piga". Watoto walipiga kelele hizo mpaka majirani wakaja.

Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. "Niletee hiyo," akasema.

Akashika raketi. Kikaango. Nikasimama pale na zile siku zote za kuogopa zikiwa kooni. Mtu anamwambiaje mzee wake kwamba miaka 60 ameshika vibaya? Watoto wananitazama. Nikasema, "Baba mkubwa, naomba mkono wako."

Akanipa. Nikaugeuza kidogo tu, labda upana wa kidole. Akautazama mkono wake kwa muda mrefu.

"Ndivyo walivyokuwa wanashika?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akatupa mpira juu, ule mviringo wake mzuri ukaja, mpira ukagonga ukingo na kuruka kwa jirani. Watoto wakacheka, naye akacheka. Wa pili ukaingia wavuni. Wa tatu ukaingia ndani, taratibu, ukapinda na kudunda pembeni kwa namna ambayo hakuwahi kuupindisha. Hakupiga wa nne. Alirudisha vidole vyake pale vilipozoea, akanirudishia raketi.

"Mimi nitakufa na wangu," akasema. "Hawa waonyeshe."

Akarudi kivulini.

Wadau, kiwiko changu bado kinauma kidogo, na ninaanzisha vibaya kuliko mwaka jana kwa sababu niko katikati ya kubadilika. Washkaji wananicheka kila Jumamosi. Lakini yule mwalimu akiniuliza tena nani alinifundisha kikaango, sasa nina jibu: alinifundisha mtu ambaye aliona kila kitu kilichoweza kuonekana kutoka nje ya waya, akanipa chote alichokuwa nacho.

Raketi mbili nimeziacha Bunda. Nikipata mipira mingine nitaipeleka mwezi wa sita. Na ninyi, kabla hamjaondoka, hebu tazameni mikono yenu: mlijifunzia upande gani wa waya?